Bomba Lililoota Jua

Tap. Kimya. Tap tena.

Saimi alikuwa macho kabla hajajua kwamba ameamka. Alikuwa amelala kwenye kichumba cha darini, walikokuwa wakilala wanawe zamani, maana huko chini hapakuwa na sakafu ya kukanyaga. Nje bado giza. Akasikiliza kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Theluji ya paani ilikuwa imeanza kuyeyuka juma lile, na kwa kitambo kidogo akajipa moyo kwamba ni matone ya paa. Lakini matone ya paa yanaangukia theluji na hayana sauti. Tone hili lilikuwa likiangukia nailoni, na nailoni ilikuwa ndani ya nyumba.

Akajitupia sweta la mumewe begani, akashuka ngazi kinyumenyume akiitunza nyonga yake mbovu, akawasha taa.

Sakafu yote ya zamani ilikuwa imeng'olewa. Mahali pake palitandazwa vibao vya povu gumu, juu yake nailoni, juu yake wavu wa chuma, na juu ya wavu lilifungwa bomba jeupe, likienda na kurudi, likienda na kurudi, kama matuta ya shamba la viazi. Mabomba yote yaliishia ukutani kwenye gogo la mgawo. Ndivyo mafundi wanavyoliita lile bomba nene la shaba lenye midomo mingi, linalopokea maji ya moto na kuyagawia vyumba. Hapo palikuwa na geji ya presha. Jana jioni, msaragambo wa majirani waliokuja kusaidia kazi ulipokwisha, fundi alijaza maji, akapandisha presha, akatia alama ya kalamu kwenye kioo pale sindano iliposimama. Sasa sindano ilikuwa chini ya alama. Kwenye nati ya mwisho tone lilijikusanya, likanenepa, likaanguka.

Nati ile ilikuwa ya chumba cha kulala, chumba atakacholala Ensio.

Saimi akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia.

Ensio, mumewe, alianguka kando ya rundo la kuni mwezi wa Januari, upande wake wa kushoto ukafa ganzi. Tangu hapo alikuwa wodini mjini. Mwuguzi wa wilaya alikuja kuikagua nyumba. Alikuwa mwanamke mwema, alikula vipande vitatu vya mkate wa iliki ili tu kumfurahisha mwenyeji, lakini wema haukumfanya aseme uongo. Alisema vizingiti viondoke, sakafu iwe tambarare, na joto liwepo ndani usiku na mchana bila mtu kubeba kuni. Ensio hawezi tena kubeba kuni, na nyonga ya Saimi haiwezi. Nyumba isipokuwa tayari, kitanda kimepatikana kwenye nyumba ya wazee mjini, na Ensio atapelekwa huko. Kijijini kila mtu alijua kwamba wanaopelekwa huko hurudi mara moja tu, na hurudi kupitia kanisani.

Na siku haikuweza kusogezwa. Kila mwaka theluji inapoyeyuka, barabara ya kijiji hugeuka uji, na ushirika wa barabara husimamisha kibao kinachozuia magari mazito mpaka udongo ukauke. Mwaka huu kibao kilikuwa kisimamishwe leo adhuhuri. Lori la zege lilikuwa lije asubuhi. Lisipomwaga leo, litarudi Juni, na wodi haiwezi kumweka mtu mpaka Juni.

Saimi akachukua simu na kumwamsha Mirva.

Mirva alikuwa binti wa mdogo wake, na ndiye fundi bomba wao. Alifika na kofia imekaa upande, hajanywa hata kahawa. Saimi akamtia kikombe mkononi kabla hajavua buti, naye akanywa huku amechuchumaa mbele ya gogo la mgawo, akiichunguza ile nati.

"Hili ndilo bomba la Mzee Uuno," akasema.

"Ndilo."

Mirva akatoa kipimo chake cha chuma mfukoni, akalibana bomba, akasoma, akafumba macho.

Ilikuwa hivi. Wiki mbili nyuma Mirva alimchukua mama yake mkubwa mpaka dukani mjini kuchagua vifaa. Walichagua bomba laini la kukunjika, upana wake milimita kumi na saba, lenye ngozi ya ndani inayozuia hewa isipenye kwenye maji na kukila chuma kwa kutu. Viungio wakachagua vya kiwanda hichohicho. Mirva alishikilia sana jambo hilo. Alisema bomba na viungio viwe vya ukoo mmoja, maana nati ya ukoo mwingine itakubali kuingia, itakaza vizuri, itacheka nawe, kisha siku moja itakutemea maji. Dukani bomba lilikuwa pungufu. Lilitosha jiko, sebule na bafu, chumba cha kulala kikabaki. Mzigo mwingine ungefika njia zikishafunguliwa, yaani baada ya matope.

Jana, siku ya msaragambo, Uuno akaja na roli la bomba lililoviringishwa begani.

Uuno alikuwa jirani wa upande wa pili wa ziwa, mjane, mtu wa maneno machache na mikono mingi. Roli lile lilibaki alipojenga kwake miaka mingi iliyopita, naye hakulitupa, kwa sababu katika kijiji kile mtu hatupi kitu kizima. Hufa akiwa amekihifadhi. Alilishusha mlangoni kama mtu anayeshusha mwana-kondoo. Mirva alilitazama akauliza kama ni lake kweli au amelirithi kwa babu yake. Uuno akajibu kwamba bomba hilo lilikuwa bomba wakati yeye Mirva bado ananyonya. "Ndiyo maana limeota mvi," Mirva akasema, na watu wakacheka. Hakuna aliyesema hapana. Zawadi ya msaragambo haikataliwi. Anayeikataa huonekana amemkataa mletaji. Uuno alilitandika chumba cha kulala peke yake, akipiga magoti mchana kutwa, akakaza nati ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe wakati Mirva ameshughulika bafuni.

"Ni kumi na sita," Mirva sasa akasema. "Viungio vyangu ni vya kumi na saba."

"Tutafanyaje?"

"Kwanza tumwite. Halafu tutajua."

Uuno alikuja kungali na giza bado, suruali ya kazi juu ya ile ya kulalia. Mirva akamweleza. Mzee akalitazama bomba, akaitazama nati, akajikuna shingo.

"Milimita moja," akasema. "Hiyo ni kucha tu, binti."

"Maji yanapita penye kucha, mzee."

"Yangu nyumbani hayajavuja hata siku moja."

"Kwa sababu kwako uliweka viungio vyake. Unavyo bado?"

Uuno alimtazama kwa huruma, kana kwamba ameulizwa kama ana viatu. Bila shaka anavyo. Alikwenda akarudi na kopo la kahawa lililojaa nati na pete za shaba, kila ukubwa umefungwa kwenye kitambaa chake. Mirva akachagua, akapima, akajaribu moja, akaikataa, akajaribu nyingine. Pete ikakaa. Kijiti cha kushikilia bomba kwa ndani kikaingia kwa kusukumwa, hakikulegea. Nyuzi zikalingana na mdomo wa gogo. Akakaza kwa spana mbili, uso umekunjamana. Kisha akapandisha presha mpaka kwenye alama ya kalamu, nao wote watatu wakasimama wakiiangalia sindano kama watu wanaosubiri treni.

Sindano haikusogea.

Kukapambazuka. Saimi akapika uji wa shayiri kwenye jiko dogo la umeme, wakala wamesimama, na sindano ikawa palepale. Mirva akatabasamu kwa mara ya kwanza, akampiga Uuno bega. Akatoka nje kumpigia simu dereva wa lori, amwambie aanze safari.

Saimi akachukua tambara kukausha maji yaliyovuja usiku. Yalikuwa yamefuata mwinamo wa nailoni mpaka chumba cha kulala, mpaka karibu na dirisha, pale kitakapokaa kitanda. Akapiga goti lake zima, lile lingine akalinyoosha kando, akafuta taratibu. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia chini kabisa, likilala juu ya sakafu. Na katika nuru hiyo akaona kwamba bomba la upande huu halikuwa na rangi moja na bomba la upande wa mlango. Lile lilikuwa jeupe. Hili lilikuwa la manjano, kama jino la mvuta kiko. Na pale lilipokunjwa kona, mgongoni mwa kona, palikuwa na mistari midogo, myembamba kuliko nywele, imepangana kama makunyanzi kwenye pembe ya jicho.

Akapitisha ukucha. Ukucha ukakwama.

Saimi hakuwa fundi. Lakini ndoo ya plastiki iliyoachwa nje majira yote ya joto anaijua, na pia kamba ya kuanikia nguo inayokatika ghafla siku ya upepo. Katika nchi ile jua la kiangazi halilali. Huzunguka tu kuta za nyumba.

Nyuma yake, sebuleni, Uuno alikuwa akipanga nati zake kwenye vitambaa, akipiga mluzi kwa sauti ya chini sana. Saimi hakuwa amemsikia akipiga mluzi tangu mkewe Helvi azikwe.

Akabaki pale chini. Sindano imesimama, akajiambia. Mirva ameridhika. Lori limeanza safari. Labda makunyanzi haya yatakaa hivihivi miaka ishirini, na ni nani kati yao ana miaka ishirini? Akinyamaza, Ensio atarudi nyumbani Mei. Akisema, jirani atafedheheka, chumba kitabaki bila bomba, na kibao kitasimamishwa. Kunyamaza kulikuwa kazi aliyoijua. Watu wa kule hulelewa nayo kama wengine wanavyolelewa na nyimbo.

Lakini akaona pia kitanda cha Ensio, na Ensio juu yake, mtu asiyeweza kusimama mwenyewe, na maji ya moto yakipanda kutoka chini ya zege usiku wa baridi kali.

"Uuno," akaita. "Hebu njoo. Na unisaidie kuinuka, goti limegoma."

Alikuja, akampa mkono. Saimi hakuinuka. Aliushika ule mkono, akauvuta chini, mpaka mzee naye akachuchumaa. Miwani yake alikuwa ameiacha kwake, na Saimi alijua hilo. Akaviweka vidole vyake juu ya kona ya bomba.

"Pitisha kidole hapo," akasema.

Uuno akapitisha. Akapitisha tena. Akasogea kona ya pili, ya tatu, akipapasa kama kipofu anayesoma. Mluzi ulikuwa umekwisha.

"Lilikuwa barazani," akasema hatimaye. "Kwenye msumari. Ukuta wa kusini."

"Eh."

"Helvi aliniambia nilishushe gizani. Nikamwambia bomba si kiazi."

Saimi akaendelea tu kuushika mkono wake. Uuno akautoa taratibu, bila hasira, akamwinua kwanza yeye, akahakikisha amesimama vizuri. Kisha akachukua kofia yake akatoka. Kopo la nati aliliacha. Saimi akasikia mlango wa gari, akasikia magurudumu yakikwaruza barafu, yakienda.

Mirva akaingia akisema lori limeshapita kanisani. Akasita alipouona uso wa mama yake mkubwa. Saimi akamwonyesha kona. Mirva akalala kifudifudi kabisa, shavu juu ya wavu wa chuma, akatazama kwa tochi.

"Presha imekaa," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayejiombea.

"Imekaa leo."

Mirva akaketi. Alikuwa fundi hodari na mtoto mwema, na sasa macho yake yalijaa machozi ya hasira, si kwa mzee, kwake mwenyewe. Alisema jana alikuwa na haraka. Alisema alifanya mzaha juu ya mvi badala ya kutazama. Saimi akamwambia hayo wataongea wakiwa na nafasi, sasa amwambie la kufanya.

La kufanya lilikuwa dogo na baya. Waling'oe bomba la chumba cha kulala, wazibe mdomo wake kwenye gogo, wamwage zege vyumba vingine, na Ensio alale sebuleni karibu na mlango. Au wamwage kote, chumba kibaki baridi milele. Saimi alijua mwuguzi atasema nini. Mwuguzi alitaka chumba chenye joto, kitanda, na nafasi ya kiti cha magurudumu kuzunguka kitanda. Sebuleni hakuna mzunguko huo.

"Tung'oe," Saimi akasema.

Wakachukua mikasi, wakaanza kukata zile kamba ndogo za plastiki, moja baada ya moja, kila moja ikiwa imefungwa na Uuno kwa nguvu za mtu anayetaka kifungo kidumu. Vidole vikauma. Katika kona ya nne bomba lilipasuka lenyewe mikononi mwa Mirva, kwa mlio mkavu kama kijiti, na wote wawili wakaduwaa wakilitazama. Mirva akaendelea kukata.

Lori likaja. Walilisikia kabla ya kuliona, likinguruma kwenye kilima, pipa lake likizunguka. Dereva akashuka, kijana wa miraba minne, akachungulia dirishani, akaona wanawake wawili wamepiga magoti katikati ya bomba lililokatwakatwa. Mirva akamweleza. Dereva alisema zege si abiria, halisubiri kituoni. Kisha akamtazama Saimi, akakuna kidevu, akasema kwamba akiliongezea maji kidogo na kuliacha lizunguke polepole, anaweza kuanzia jikoni, na jiko lile ni kubwa, na yeye si mtu wa haraka sana leo.

Nyuma ya lori likaja trekta, na juu ya trekta alikuwa Kalervo wa ushirika wa barabara, mwenye kibao, nguzo na nyundo.

"Kalervo," Saimi akasema akiwa dirishani. "Adhuhuri bado."

"Bado," Kalervo akakubali. "Ila nikishakisimamisha, hata kutoka lori halitatoka. Sheria."

"Basi ungekunywa kahawa kwanza."

Kalervo alilitazama jua, akalitazama lori, akazitazama mboni za Saimi. Akazima trekta. Alisema kahawa ya moto humchoma ulimi, huwa anaisubiri ipoe. Akakaa kwenye ngazi za kibanda cha sauna na kikombe magotini.

Zege likaanza kuteremka jikoni. Mirva alilisawazisha kwa ubao mrefu, na kila mara alitupa jicho kwenye geji, maana bomba la vyumba vile lazima libaki na presha wakati zege linamwagwa, ili likitobolewa lionekane palepale. Chumba cha kulala kilikuwa kitupu, wavu mtupu, kama kinywa kilichong'olewa meno. Saimi alifagia vipande vya kamba. Alifagia palipokwisha kufagiwa.

Ndipo likasikika gari.

Uuno aliingia bila kubisha, na kifuani amekumbatia boksi. Lilikuwa boksi la karatasi ngumu, jipya, kingo zake zimefungwa kwa utepe wa kiwanda, lina harufu ya viazi na ya udongo wa sehemu ya chini ya nyumba isiyoona jua. Akaliweka miguuni pa Mirva.

"Soma," akasema. "Mimi sina miwani."

Mirva akakata utepe. Ndani bomba lilikuwa jeupe kama maziwa, limejiviringa, na ubavuni mwake maandishi madogo yamejirudia kila hatua. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata. Kumi na saba. Ngozi ya kuzuia hewa. Kiwanda kilekile. Akapima, akaangalia tena, akanyanyua uso.

"Mzee, hili ulikuwa nalo jana?"

"Nilikuwa nalo."

Mirva alifungua mdomo, Saimi akamgusa bega, akaufunga. Uuno alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilimwekea Reijo," akasema. Reijo alikuwa mwanawe wa pekee, ambaye yuko ng'ambo, Gothenburg, tangu ujana wake. "Nilisema nikiongeza chumba, chenye sakafu ya joto, atakuja na watoto. Nilinunua kila kitu."

"Na akija?" Saimi akauliza.

Uuno aliangalia boksi. Jikoni zege lilikuwa likimwagika kwa sauti ya uji mzito.

"Haji," akasema. "Reijo haji, Saimi." Alilisema kama mtu anayetua mzigo ambao watu wote walikuwa wamemwona nao, wakanyamaza. Kisha akavaa kofia. "Haya, fundi. Tunatandika au tunalia?"

Wakatandika. Uuno akishika roli na kulizungusha, Mirva akilaza, Saimi akifunga, nyonga yake ikipiga kelele naye haisikilizi. Hakuna aliyeharakisha kona. Mirva alizipima kila moja kwa kiganja, zisibanwe. Dereva alimaliza jiko, akamaliza sebule na bafu, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba mdomo wa lori umeziba kidogo na itambidi ausafishe, akausafisha polepole sana, ingawa haukuwa umeziba. Kule nje Kalervo alikuwa kwenye kikombe cha tatu.

"Kalervo," Uuno akamwita kupitia dirishani, "hiyo kahawa unainywa au unaitafuna?"

"Natafuna," Kalervo akajibu. "Nina meno mabovu."

Nati ya mwisho Mirva aliikaza mwenyewe, pete ya ukoo wake, kijiti cha ukoo wake. Akafungua maji. Bomba likatetemeka, likatoa pumzi, likajaa. Akapandisha presha mpaka kwenye alama. Kwa kawaida angeliacha usiku mzima. Leo hakukuwa na usiku mzima. Akamgeukia Saimi.

"Mama mkubwa, kaa hapa. Macho yasitoke kwenye sindano. Ikishuka hata unywele, piga kelele, nitamsimamisha."

Saimi akakaa juu ya ndoo yake, kwenye kipande kilichoachwa bila zege mbele ya geji. Nyuma yake zege likaanza kuingia chumba cha kulala, zito, la kijivu, likilala juu ya bomba. Hakugeuka. Uuno na Mirva walikuwa wakisawazisha, akisikia mbao zikikwaruza, akimsikia Uuno akihema. Mara moja kitu kizito kilianguka kwenye wavu, na sindano ikaruka. Sindano ikatikisika, ikarudi, ikasimama. Mara ya pili jasho likamwingia machoni, akaogopa kupepesa. Alilitamka jina la Ensio bila sauti, si kama dua, kama mtu anayemwambia mwingine ashike kamba, asiachie.

Kelele za lori zikapungua. Zikakoma.

"Sindano?" Mirva akauliza kutoka dirishani, maana mlango ulikuwa umezibwa na zege bichi.

"Ipo," Saimi akasema. "Ipo palepale." Na bado hakuondoa macho.

Lori liliteremka kilima, na Kalervo alilisubiri mpaka lipite kona, ndipo akachukua nyundo. Saimi alisikia kibao kikigongwa, pigo moja moja, wala halikumuumiza.

Ensio aliletwa nyumbani Mei, miti ya birch ikiwa imetoa majani madogo kama masikio ya panya. Barabara ilikuwa bado laini, na dereva wa gari la wagonjwa aliendesha kama aliyebeba mayai. Mwuguzi wa wilaya alivua soksi kabisa, akatembea chumba kizima peku, akasema hapa angelala hata yeye.

Siku ya tatu Uuno alikuja. Saimi alikuwa amempelekea ujumbe, naye alikaa siku mbili akitafuta sababu, mwishowe akaja na brashi ya waya kusafisha bomba la moshi ambalo halikuhitaji kusafishwa. Alipomaliza akaketi kwenye kiti kando ya kitanda. Wanaume wale wawili walikaa kama walivyokaa maisha yao yote kwenye mtumbwi wa kuvulia, bila kuzungumza. Ensio alikuwa amekaa ukingoni, miguu yote miwili sakafuni. Mguu wa kushoto haukuhisi mengi, lakini alisema joto unalihisi. Uuno akavua viatu vya ndani, akaweka nyayo zake na yeye. Saimi alileta supu ya samaki na mkate mweusi, akawaacha.

Aliporudi kuchukua bakuli, Uuno alikuwa amesimama, ameshika brashi yake, akisema sasa kila kitu hapa kinafanya kazi, haoni kilichobaki kwa ajili yake.

Ensio aliinua mkono wake mzima. Maneno yalimtoka moja moja siku hizo, na kila moja alilitafuta mbali.

"Njoo," akasema. Akapumzika. "Njoo tena kesho, Uuno. Uje bila kazi."